Vidonge Nilivyomeza kwa Mkupuo Mmoja

Jina la Bwana lihimidiwe, ndugu zangu! Kosa langu la mwanzo lilikuwa kudhani kwamba mwanaume mwenye virusi vya Ukimwi ni mzima mradi asikonde.

Mimi hufunga kamera za ulinzi, mjini na kwenye majumba ya matajiri huko Loresho. Kazi hiyo nilijifunza mwenyewe kwenye simu, na nilipopatikana na virusi nikiwa na miaka thelathini na moja, afya pia nikajifunza hivyo hivyo. Dawa sikuwahi kuikosa. Virusi vikapungua mpaka kipimo hakivioni tena. Mke wangu Mwende, ambaye hana virusi, aliolewa nami akijua yote. Tukaambiwa kliniki kwamba hali ikibaki hivyo siwezi kumwambukiza. Tukaanza kutafuta mtoto.

Lakini niliogopa kukonda kuliko kufa. Hapa mtaani Kabiria ukipungua mashavu tu, majirani wameshakuzika. Nikaingia jimu kujenga misuli, nikanunua vidonge vya madini: chuma, kalsiamu, zinki. Kila asubuhi kabla ya kula nilivimeza pamoja na dawa yangu, bila kumwambia mtu. Mikono ikajaa. Vijana wa jimu wakaniita Tingatinga, nami nikafurahi!

Kipimo kilichofuata, virusi vilikuwa vimepanda. Mshauri wa kliniki akasema wanaume wengi huruka dawa, nisimdanganye. Niliapa, hakuniamini. Nyumbani mambo yakawa mabaya zaidi.

“Niambie tu, Were,” Mwende akasema. “Uliacha dawa?”

“Sijaacha.”

“Basi hivyo virusi viliingia kwa dirisha?”

Mwende akahamia kwa dada yake, mtaa wa Jamhuri. Alipimwa, hakuwa navyo, lakini akaambiwa arudi, kwa sababu maambukizi mapya huenda yasionekane mapema. Ndugu zangu, kungoja kule simtakii hata adui. Nilipiga magoti nikashindwa kuomba. Nilisema tu, Bwana, kama nimemwua mke wangu, nionyeshe nilivyomwua.

Asubuhi nikakusanya kila nilichokuwa nikimeza, nikaenda kukimwaga mezani kwa muuguzi wa kliniki. Alivigeuza kimoja kimoja, kisha akauliza, “Na hivi mbona ulivificha?” Sikuficha ugonjwa. Niliona aibu kwamba mtu mzima anaogopa kukonda. Akanieleza kwamba madini hayo, yakimezwa pamoja na dawa yangu tumbo likiwa tupu, huizuia isiingie vizuri kwenye damu. Ningeuliza, ningepangiwa saa tofauti.

Namshukuru Mungu aliyeivunja aibu ile. Hakuniondolea virusi, na sitasimama hapa niwadanganye. Wewe unayemeza kitu kwa siri, mtegemee Bwana, kisha nenda ukamwambie muuguzi wako leo.

Kipimo changu cha mwisho hakikuona virusi. Mwende amepimwa tena na tena, hana. Amerudi nyumbani, ingawa bado hatujazungumzia mtoto. Dawa naimeza mbele yake, na simezi kitu kingine chochote kabla ya kuuliza kliniki.