Mtu wa Pembeni

Ndani ya basi la mjini Dayton, Marekani, Orville alikuwa amefumba macho nusu, lakini masikio yake hayakulala. Mbele yake msichana alikuwa amepakata kitabu kinene cha ustawi wa jamii. Mama aliyeketi ubavuni pake na boksi la keki alilisoma jalada, akasonya. "Kumbe nawe unasomea kunyang'anya watoto wa watu?"

"Nasomea kuwasaidia, mama. Naanzia chuo cha mtaani, ada yake nafuu, halafu nihamie chuo kikuu."

"Kusoma kote huko! Wanangu walibebwa na hao watu wa ustawi kabla kahawa yangu haijapoa."

"Hata mimi nimelelewa na watu baki. Ndiyo maana nasoma."

"Basi ungesomea upishi, binti."

Orville alitaka kucheka, ila mama alilivuta boksi karibu na kifua. "Leo mwanangu Kelvon anatimiza miaka sita," mama alisema. "Keki lazima iwe ya dukani, ya mkono wangu ofisini hawaitaki. Nina saa moja naye, na mtu wa ofisi kaketi pembeni anatukodolea macho. Nikilia, anaandika. Nikicheka, anaandika. Jaji anasoma hayo hayo akiamua kama nitarudishiwa."

Msichana alifunga kitabu. "Mnakutana pale nyuma ya kanisa?"

"Unapajua?"

Basi lilisimama, mama akashuka na keki yake. Msichana alitoa mfukoni beji mpya iliyoandikwa "Mwanafunzi, Mwangalizi wa Ziara za Wazazi", akabaki ameifumbata kiganjani.

Dereva aliuacha mlango wazi. "Binti, si uliniomba nikushushe hapa?"