Bi Halafu na Benchi la Tatu

Tarehe thelathini ya mwezi huu ofisi yetu ya ustawi wa familia inamuaga ofisa wake mkongwe, baada ya utumishi wa miaka thelathini na moja. Jina lake kamili limo kwenye kadi ya mwaliko, na kusema kweli wengi wetu tulilisoma humo kwa mara ya kwanza. Hapa ofisini, kule mtaani, hata kwa mama mkwe wake, anaitwa Bi Halafu.

Jina hilo hakupewa bure. Mtu akimsimulia jambo, akafika mwisho na kufunga mdomo, Bi Halafu huinamisha kichwa kidogo, hutabasamu, na kuuliza: halafu? Umepoteza funguo, halafu? Umezipata, halafu? Dereva wetu wa zamani alikuwa akiapa kwamba kusafiri naye kiti cha mbele kulimfanya akumbuke mambo aliyoyatenda kabla hajazaliwa. Wapo waliomwita mmbea, nao walikosea sana. Mmbea huuliza apate la kupeleka kwa jirani. Kwa huyu bibi habari huingia tu, haitoki.

Alifika hapa akiwa binti mwembamba mwenye cheti kipya na viatu vya kuazima kwa dada yake. Akawekwa mapokezi, baadaye akapelekwa kutembelea familia majumbani, na mwishowe akakabidhiwa dawati la ukatili wa nyumbani. Huko kote aliacha alama. Ni yeye aliyegundua kwa nini kina mama wanaoponda kokoto hawakuwa wakileta watoto kupimwa uzito. Sisi tulikuwa tumewabandikia mabango ya kuwaasa, yenye picha ya mtoto mnene anayecheka. Bi Halafu akaenda, akakaa nao juu ya lundo la mawe, akauliza. Kumbe siku yetu ya kupima ndiyo siku lori la mnunuzi linapokuja, na ambaye hayupo kokoto yake haipakiwi. Tukabadili siku, watoto wakaja. Yule mtoto wa kwenye bango hakuwa na kosa lolote.

Lakini likitajwa jina la Bi Halafu, watu hukumbuka benchi. Mimi ni mtunza stoo, ndiye ninayegawa unga na maharage ya msaada, na dirisha langu lilikuwa linatazamana na benchi hilo ana kwa ana. Kwa hiyo ninayoyaandika niliyaona, sikuhadithiwa.

Miaka kadhaa iliyopita ofisi ilikarabatiwa. Tulipewa sakafu ya vigae, ukuta wa kioo upande wa barabarani, na mabenchi matatu mapya. Kwa kupenda utaratibu, tukatundika kibao juu ya kila benchi ili mwananchi asihangaike. Cha kwanza kilisema Msaada wa Chakula, cha pili Matunzo ya Watoto, cha tatu Ukatili wa Nyumbani. Herufi zilikuwa kubwa na nyekundu, aliye ng'ambo ya barabara angeweza kuzisoma bila miwani. Tulijipongeza kweli kweli.

Benchi la kwanza likajaa, na la pili likajaa. La tatu lilikaa kama kiti cha mgeni rasmi ambaye hakutokea. Wiki zikapita, miezi ikapita. Mkutano wa nusu mwaka ulipofika, mkuu wa idara alitoka makao makuu, akasoma taarifa, akatangaza kwa furaha kwamba katika eneo letu ukatili wa nyumbani umekwisha. Tukapiga makofi, tukanywa chai. Kisha akasema jambo lililofuata kama usiku unavyofuata mchana: dawati lisilo na watu halina haja ya kuwepo, litafungwa mwisho wa mwaka.

Bi Halafu hakupiga makofi. Alinyoosha mkono, akauliza ikiwa watu wameacha kupigana, mbona muuguzi wa zahanati ya jirani kila mara anakuja kwetu kuazima bandeji. Mkuu akamjibu kwa upole kwamba watu huanguka. Bi Halafu akakubali kwamba huanguka, halafu akataka kujua kwa nini wanaoanguka ni wake za watu.

Tangu siku hiyo lile benchi likamkosesha raha. Kwanza alidhani linayumba, akamwita seremala. Seremala akaligeuza miguu juu, akalipanda, akaruka juu yake, akasema linaweza kubeba ng'ombe. Basi itakuwa jua, akaleta pazia kutoka kwake. Kisha akadhani ni hewa, akalisogeza chini ya feni. Wa benchi la kwanza wakamshukuru sana kwa feni, wakawa wanasogea kuelekea huko, lakini wakifika chini ya kile kibao wanasimama wima na upepo wao. Hakuna aliyekaa. Alikuwa anakula chakula cha mchana akilitazama, mpaka wali unapoa.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Asubuhi moja akavua kitambulisho chake, akavaa gauni la kushindia nyumbani na mtandio, akaja akakaa benchi la tatu, mkoba mapajani, kama mwananchi yeyote. Hakumwambia mtu anafanya nini. Nilimuuliza kutoka dirishani kama anaumwa, akanikonyeza ninyamaze.

Wa kwanza kumwona alikuwa muuza mboga anayepita na kapu lake. Akasimama nje ya kioo, akasoma kibao, akamtazama, akaweka mkono kifuani. Baada ya muda akarudi na ndizi mbivu, akamwekea pajani, akaondoka akipangusa macho. Kinyozi wa ng'ambo alikuwa amemfikisha mteja nusu ya kichwa, naye akabaki na mashine inalia mkononi, anatazama huku. Mteja akalazimika kumkumbusha kwamba ana kichwa kingine upande wa pili.

Sasa mumewe Bi Halafu, shemeji yetu, ni fundi redio. Ni mtu ambaye akinasa panya humtoa nje na kumwonyesha njia. Adhuhuri alikwenda kunyolewa, kinyozi akamwambia kiti kimevunjika, na huku kuna mtu amekikalia. Akaenda kununua betri, mwenye duka akamrudishia chenji bila kumtazama. Simu ikalia, ni dada yake mwenyewe, analia, anamuuliza amepatwa na shetani gani hata kumtesa wifi yake mwema vile. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja: watu walikuwa wameshamhukumu. Maskini, alikuja mbio hapa na bisibisi mkononi, akasimama mbele ya mkewe, akamuuliza kwa sauti ya chini amemkosea nini.

Bi Halafu alicheka mpaka machozi. Kisha kicheko kikakatika. Akageuka akatazama nje, kwa kinyozi, kwa muuza mboga, kwa watu waliokuwa wamesimama wanatazama ndani, akasogea pembeni ili mumewe akae. Wakakaa wote wawili pale chini ya kibao. Ilichukua wiki nzima kabla kinyozi hajamsamehe shemeji kosa ambalo hakulifanya.

Jioni ile alituita, akatueleza alichokiona. Kama habari ya mke kukaa hapa imemfikia mume mpole kabla ya saa nane, akiwa kwenye shughuli zake, basi kwa mume asiye mpole itafika saa ngapi? Mwanamke angerudi nyumbani akute habari zimeshatangulia, zimekaa kitandani zinamsubiri. Hawakuwa wameacha kupigwa. Walikuwa wanaogopa kupigwa kwa sababu yetu. Na kile kibao tulikuwa tumekitundika wote pamoja na kukipiga picha.

Vibao vikatolewa kesho yake, kwa bisibisi ya shemeji. Mabenchi yakageuzwa, yakaipa mgongo barabara, na kioo kikapakwa rangi nyeupe hadi juu ya kichwa cha mtu. Halafu likaja lililonikera mimi: dirisha langu likafungwa. Kila anayefika, hata mwenye haja ya unga tu, huingia peke yake katika chumba chenye mlango, anakaa, na swali la kwanza ni lile lile kwa wote, nyumbani mnaendeleaje? Kisha anasubiriwa ajibu, hata akikawia. Unga unaletwa humo humo. Nililalamika sana, foleni zikawa ndefu na miguu yangu si ya kijana. Bi Halafu akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, halafu?

Alikuwa na mtu mmoja moyoni wakati wote huo. Alikuwa fundi cherehani, mama wa mabinti wawili, aliyekuwa akija benchi la kwanza kila mara ya mgao. Alifika mapema, akawapisha wengine wote wamtangulie, akawa wa mwisho. Akingoja, macho yake yalipanda kwenye kibao cha tatu, yakashuka haraka. Mimi nilimpa unga na kumtakia siku njema. Bi Halafu alikuwa amemwona siku nyingi, ila alijua kwamba kumuuliza pale ukumbini ni kumtia matatani, na kwamba dawati likifungwa hatakuwepo hata mtu wa kumuuliza.

Mgao wa kwanza katika utaratibu mpya fundi akaingia, akachukua unga, akatoka. Tuliona uso wa Bi Halafu ulivyosawijika. Mgao wa pili akaingia, na mlango haukufunguliwa kwa muda mrefu. Aliyoyasema mle si yetu kuyaandika. Tulichokiona ni kwamba chakula cha Bi Halafu kilirudi kama kilivyokwenda, gari la ofisi likaitwa, mabinti wakafuatwa shuleni kabla kengele haijalia, na jioni wote watatu wakawa kwa mama mdogo wa mabinti, mji mwingine. Mume alifika kesho yake akipiga kelele. Alimkuta Bi Halafu mlangoni, na nyuma yake polisi. Kesi ikaenda mahakamani, na fundi akashinda.

Baada ya huyo wakaja wengine, na wengine, hata mkuu wa idara akatuletea ujumbe mkali. Alikuwa ametuacha na amani, sasa takwimu zinaonyesha eneo limeharibika. Akaja mwenyewe. Bi Halafu hakubishana naye, alimwomba tu avue tai na kukaa benchini kidogo. Mkuu ni mtu muungwana, na nadhani naye alikuwa na hamu ya kujua, akakaa. Bibi kizee mmoja akamsogelea, akampigapiga goti, akamuuliza kwa huruma, mwanangu, wewe limekusibu lipi? Mkuu, ambaye huhutubia kumbi zilizojaa, alifungua mdomo, akaona watu wote wamegeuka, akaufunga. Baadaye alisema hakuwahi kuhisi joto vile masikioni. Dawati halikufungwa, na ofisi nyingine nne za idara zimeondoa vibao vyao.

Kabla ya kuandika haya tulimtafuta fundi cherehani, tukamwomba ruhusa ya kumtaja. Anayo karakana yake sasa, na binti mkubwa anasomea uuguzi. Aliruhusu kwa sharti moja, tuandike ukweli kuhusu ule unga. Hakuwa na shida nao. Cherehani yake ilikuwa inawalisha wanawe, na kila alipopewa unga aliugawa kwa jirani akiwa njiani kurudi. Alikuwa anakuja kwa sababu hapa ndipo mahali pekee ambapo mumewe alimwachia aende peke yake. Anasema kila mgao aliwapisha wenzake ili abaki wa mwisho, na kila mgao alijiambia pengine leo kuna mtu ataniuliza.

Bi Halafu, ulimuuliza. Kwa hilo, na kwa wote ambao hatutawaandika, ofisi nzima inakushukuru. Ukapumzike salama wewe na fundi redio wako. Afya isikutupe mkono, na nyumba yenu isikose wageni.