Mama Nusukaputi Anatuaga kwa Mara ya Pili

Ijumaa hii, tarehe thelathini, muuguzi wetu wa dawa za usingizi anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi. Wenye kumbukumbu watauliza: huyu si tulimuaga miaka minne iliyopita, tukakata na keki? Ndiye. Keki ile tuliila kwa haraka mno.

Mama Nusukaputi, kama tunavyomwita, alianza kazi wakati chumba cha upasuaji kina taa moja na feni yenye kelele kuliko wagonjwa. Dawa inapoingia, humwuliza mgonjwa majina ya watoto wake. Seremala mmoja alisinzia kabla ya kufika kwa kitinda mimba. Alipozinduka akamalizia jina palepale alipoachia, tukacheka sote, daktari mpasuaji akiwemo.

Aliomba kustaafu mapema mumewe alipopatwa na kiharusi. Pensheni ilikuwa pungufu, lakini aliipangia: dawa, mazoezi ya viungo, kodi ya nyumba. Baadaye hospitali ikamrudisha kwa mkataba wa siku mbili kwa wiki. Siku hizo mbili hakuzikubali ovyo. Aliyestaafu kabla ya umri kamili anaruhusiwa kufanya kazi, ila mshahara wake wa mwaka ukivuka kiwango kilichowekwa, pensheni husimamishwa.

Kisha mwenzake wa dawa za usingizi akahamishwa. Mganga mkuu alimfuata nyumbani, akamkuta akimvalisha mumewe shati. Wajawazito wawili walikuwa wanasubiri upasuaji, na hapakuwa na wa kuwalaza kwa dawa.

“Nikija leo, nitakuja kila siku,” alisema. “Nitavuka kiwango. Dawa za baba yenu nitanunulia nini?”

Aliyejibu ni mumewe, kwa ulimi mzito: “Nenda. Tutajibana.”

Akaenda. Mama wote wawili walitoka salama na watoto wao.

Alipovuka kiwango, pensheni ikakatika. Mshahara wa mkataba nao ukachelewa. Mazoezi ya viungo yakaachwa, na mkono wa mumewe ukaanza kujikunja tena. Kilichomkosesha raha zaidi ni maneno ya korido: eti pensheni ikishasimama ndiyo imekwenda, hairudi.

Nilimsindikiza ofisi ya pensheni. Karani akamwambia kwa upole, “Mama, haijafutwa. Imesimama tu.”

“Mwanangu,” akajibu, “kwenye kazi yangu, kitu kikisimama watu hukimbia.”

Karani alicheka, kisha akavuta kiti na kumfafanulia. Miezi iliyozuiliwa haipotei. Akifikisha umri kamili, pensheni itakokotolewa upya na miezi hiyo itahesabiwa. Mama alitoka pale amepata nusu ya utulivu. Nusu ya pili ilibidi aisubiri, maana ahadi haijazi chungu.

Alisubiri mwaka na nusu, na kila mwisho wa mwezi uso wake ulisawijika. Mwezi uliopita alitimiza umri. Wiki jana malipo mapya yakaingia, yamepanda kidogo. Alitupa habari hiyo akiwa kwenye benchi la nje ya chumba cha upasuaji, akacheka, akafuta macho, akaingia ndani kumlaza mgonjwa. Lakini hatutadanganyana: mkono wa mumewe haujafunguka, na hakuna hesabu inayorudisha miezi ile ya mazoezi.

Mama, umetuachia wauguzi wawili uliowafunza mwenyewe. Wanaogopa, nasi tunaogopa pamoja nao, lakini hofu hiyo ni mzigo wetu, si wako. Asante kwa kila aliyefumba macho mbele yako na akayafumbua tena. Mfikishie mzee salamu zetu, umwambie tunajua na yeye alilipa. Tunakutakia siku nyepesi na usingizi mzito.