Irja Vuorela, Aliyetafuta Kilichompata Mdogo Wake

Ndugu waombolezaji, mpendwa wetu Daktari Irja Vuorela alizaliwa tarehe 9 Februari 1939 kijijini Ristijärvi, mkoani Kainuu, mtoto wa kwanza wa mzee Eino Karppinen, mkata magogo, na mama Lempi, akafuatiwa mwaka 1942 na mdogo wake Oiva, ambaye hadi miaka mitano hakuwa ametamka neno, majirani wakasema ni kwa sababu mama yake, akiwa mjamzito, aliteleza kwenye barafu na ndoo za maziwa.

Alianza shule hapo kijijini Agosti 1946, na tarehe 3 Septemba 1949 Oiva alipochukuliwa kupelekwa kwenye makao ya wenye ulemavu wa akili, Irja ndiye aliyemfunga vifungo vya koti, kwa kuwa mama alikuwa amejifungia zizini.

Alihitimu udaktari Helsinki mwaka 1964, akafunga ndoa na mwalimu Pentti Vuorela tarehe 19 Juni 1965, wakajaliwa binti mmoja, Saara, mwaka 1967, kisha akabobea katika magonjwa ya kurithi, akazunguka Kainuu miaka ishirini akipekua vitabu vya ubatizo na kuchukua damu za familia zenye watoto kama Oiva, ambaye alimtoa kule makaoni mwaka 1983 akaishi naye.

Mei 1996 yeye na wenzake waliipata kasoro iliyosababisha hali ya Oiva, katika jeni ambayo mama huweza kuibeba bila kuugua na kumrithisha mwanawe, naye akaendesha gari siku hiyohiyo hadi kwa mama yake, akiamini anampelekea faraja, akamwambia kwamba kule kuteleza hakukumdhuru Oiva.

Mama Lempi aliweka kikombe cha kahawa chini, akauliza, "Kwa hiyo imetoka kwangu?"

"Kwako, mama. Na mimi ninayo, nimejipima."

"Barafu niliweza kuilaumu, mwanangu. Sasa nimlaumu nani?"

Mama Lempi hakulizungumzia tena jambo hilo hadi alipofariki mwaka 1998, na tangu hapo Irja hakutuma tena majibu ya vipimo kwa barua, bali alikwenda mwenyewe jikoni kwa kila mama, akakaa mpaka aruhusiwe kuondoka.

Saara alikataa kupimwa, na marehemu hakumshurutisha, lakini mjukuu wake Veikko, aliyezaliwa mwaka 1999, alipofika miaka mitatu bila kusema, Saara akamuuliza mama yake kwa nini hakumlazimisha.

Saratani ya kongosho iligunduliwa Agosti 2014, akafariki nyumbani Jumamosi, tarehe 17 Januari 2015, saa nne asubuhi, Saara akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani waliotuondolea theluji mlangoni, wenzake wa maabara, na akina mama waliomwamini wakamkabidhi damu za watoto wao.

Irja, pumzika sasa, Oiva na Veikko wako mikononi mwetu.