Dafrosa na Darasa la Kukataa Kuongezewa

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na miwili katika kituo chetu cha afya hapa Flemingsberg, Uswidi, Dada Dafrosa anastaafu. Wenye njaa tumeanza kuhuzunika mapema.

Alikuja kutoka Bukoba kusomea uuguzi, akabaki. Miaka ya mwanzo alipima watu sukari na kuwagawia vipeperushi, mpaka alipoona vipeperushi vyenyewe vinafungiwa maandazi. Ndipo akaanzisha darasa la Alhamisi, jikoni, kwa akina mama wa Amerika Kusini ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda. Wengi walitoka Chile na Bolivia. Sisi Wakongo tulivutwa na harufu.

Hakumkataza mtu chakula cha kwao. Alibadilisha mazoea: upakue jikoni, sufuria isifike mezani, uanze na mboga na maharage, wali usubiri, soda ibaki dukani. Tulielewana kwa Kiswidi, kila mtu na lafudhi yake, mikono ikamalizia.

Somo gumu lilikuwa kukataa kuongezewa. Kwao Chile, kama kwetu Kongo, mgeni anayekataa amemwaibisha mwenye nyumba. Dafrosa akaandaa zoezi: yeye awe mwenyeji, wao wakatae kwa adabu. Tatizo ni kwamba alipika kweli. Wa kwanza alipokataa, mwalimu akasahau kuwa ni zoezi, akauliza kama ndizi zimekosa chumvi. Wa pili akaulizwa nani amemuudhi. Kabla ya kipindi kwisha, darasa zima la kuzuia kisukari lilikuwa limeongezewa mara mbili. Marehemu mume wangu Désiré, aliyekuja kunichukua tu, alirudi nyumbani amekumbatia bakuli. Mpaka mwisho wake aliliita darasa lile arusi ya Alhamisi.

Lakini Ximena, mmoja wa akina mama wale, hakuwa na nafasi ya kucheka sana. Daktari alimwambia amebakiza kidogo kuingia kwenye kisukari, na ugonjwa huo ulikuwa umefanya mama yake akatwe mguu. Wiki iliyofuata Dafrosa aliporudia zoezi, akamfikia na upawa umejaa, Ximena alifunika sahani kwa mikono yote miwili.

"Dafrosa, nakupenda, na chakula chako nakipenda. Ila na miguu yangu naipenda."

Dafrosa akasimama, mchuzi ukimdondokea viatuni. Kisha akasema taratibu, "Umefaulu, mama. Aliyefeli ni mimi."

Tangu siku hiyo darasa likawafundisha wenyeji pia: karibisha mara moja, kisha kaa chini. Dafrosa mwenyewe ilimchukua miezi kulijua somo hilo.

Wapo waliougua hata hivyo, na hao aliwatembelea majumbani. Ximena hakuugua. Aprili hii alipiga simu kusema vipimo vyake bado viko sawa. Dafrosa alilia, halafu akamuuliza leo amekula nini.

Dada Dafrosa, asante. Wako wanawake hapa wanaokwenda kwa miguu yao kuwachukua wajukuu shuleni, na hawajui kwamba mkono wako umo. Sisi tunajua. Tunakuombea miaka mirefu, afya njema, na asubuhi za kulala mpaka utosheke.