Saa Isiyopenda Kukaa

Benchi lenyewe ni ubao mmoja juu ya matofali manne, limeegemea ukuta wa duka la vifaa vya umeme. Ukuta huo aliupiga lipu Fundi Lipu mwenyewe enzi zile, kibao cha saruji mkono wa kushoto na mwiko mkono wa kulia, na watu walikuwa wanaapa kwamba ungeweka glasi ya maji juu ya kile kibao isingemwagika hata tone. Ndiyo maana ana haki ya kukaa katikati. Kulia kwake hukaa Spika, mshereheshaji wa harusi, ambaye akikunong'oneza siri mtaa wa pili wanaitikia. Kushoto hukaa Wakili, ambaye hajasoma sheria hata ukurasa mmoja, ila amewahi kushtakiwa mara mbili na anadai alishinda mara moja na nusu. Mbele yao, juu ya kigoda, anakaa Mama Birika, mwenye kahawa, mwenye vikombe, na kwa hiyo mwenye mamlaka. Na kijiwe hiki kina sheria moja tu. Tangu kiharusi kilipompitia Lipu mwaka jana, akaamka upande wa kushoto hautaki kazi, neno "mkono" halitamkwi hapa. Sheria aliitunga Mama Birika. Anayeivunja hanywi.

Aliyeteseka zaidi na sheria hiyo ni Spika. Mtu anayekula kwa methali ukimnyang'anya mkono umemnyang'anya nusu ya mtaji. "Mkono mtupu haulambwi" ikabidi iwe "kikombe kitupu hakilambwi". Akikubaliana na hoja ya mwenzake husema, "Naunga mguu." Na siku moja Mama Birika alipompunja kahawa, alisimama kwa hasira, kidole juu: "Mama, wewe una... una... una shingo ya birika!" Akakaa, jasho linamtoka.

Jumapili hiyo Lipu alifika, akakaa, akauchukua mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia kama anayemlaza mtoto aliyesinzia, akauweka juu ya paja. Juu ya kifundo kulikuwa na saa. Si saa tu. Saa kubwa, pana kama kifuniko cha sufuria ya chai, ya kijivu, na imesimama kimya.

— Imelala tena? aliuliza Spika.

— Fofofo.

— Tangu lini?

— Tangu juzi. Na mwanangu anapiga leo, simu ya picha. Ataniambia, "Baba, nionyeshe saa." Jamani, nataka sababu. Nipeni sababu moja yenye kichwa na miguu.

Spika alikohoa kidogo aliposikia orodha ya viungo ikiishia miguuni.

Kilichomsumbua Lipu hakukisema chote. Saa hiyo aliipata kwa binti yake wa pekee, anayefanya kazi ya kuuguza wazee wa watu huko ng'ambo, na aliituma ikiwa na maelezo: "Baba, hii haina betri. Ndani kuna kichuma kinachozunguka mvaaji akisogeza mkono. Usipousogeza, inakufa njaa." Iliposimama mara ya kwanza, Lipu aliivua, akaitikisa kwa mkono wa kulia kama chupa ya dawa ya kifua, akaivaa upya. Binti kwenye simu akaangalia, akauliza, "Baba, mbona umeivaa kichwa chini?" Akamwapisha asiitikise tena. Na Jumapili iliyopita akasema kwa ile sauti ya mama yake: "Wiki ijayo nikiikuta imesimama, naacha kazi, narudi nikukalie mwenyewe." Lipu ana hamu na mwanawe usiku na mchana. Lakini akirudi, na arudi kwa hamu. Asirudi kwa huruma, akaacha kazi aliyoililia miaka mitatu. Ndiyo maana alikuja kijiweni. Kama kuna mahali duniani pa kupata sababu ya jambo lolote, tena bure, ni kwenye benchi.

— Nitakuambia ukweli, alisema Spika, akimaanisha kinyume chake. Hiyo ni feki. Kitu cha thamani hulemea! Dhahabu inalemea, ndoa inalemea. Hiyo niliishika juzi, nikahisi nimeshika hewa yenye mkanda. Halafu haing'ai. Kizuri chajiuza!

— Ni titani, alisema Lipu. Ni nyepesi kwa sababu ni titani.

— Titani ndiyo nini?

— Chuma.

— Chuma chepesi! Wakili, umesikia? Kesho ataniletea maji makavu.

Lipu alijaribu kuiona sura ya mwanawe akiambiwa kwamba amedhulumiwa dukani. Hapana. Sababu hiyo haifai.

— Mheshimiwa, naomba kupinga, alisema Wakili, akajikuna kidevu kama mtu aliyevaa joho. Titani naijua. Ndiyo wanayotengenezea ndege. Na hii ni saa ya msafiri. Tazama, mduara wa nje una saa ishirini na nne, na mshale huu mwekundu unaonyesha saa za kule aliko binti. Sasa mteja wangu, yaani saa, kaumbwa kwa chuma cha ndege, kafundishwa saa za nchi mbili, kafika hapa kavalishwa mtu ambaye safari yake ndefu ni kitandani mpaka benchi. Ni sawa na kumwajiri rubani umkalishe kwenye kibanda cha mlinzi. Imegoma, na sheria iko upande wake.

— Nimwambie mwanangu saa imegoma?

— Mwambie iko kwenye mgomo baridi, tunajadiliana.

— Naunga mguu, alisema Spika, lakini hujafika kwenye kiini. Kiini ni heshima. Lipu, asubuhi saa inapoonyesha saba, wewe unasema saa ngapi?

— Saa moja.

— Ikionyesha kumi?

— Saa nne.

— Umeona? Kila ikifungua mdomo unaikanusha mbele za watu! Inasema saba, unasema moja. Inasema kumi, unasema nne. Tangu imefika nchi hii haijawahi kusema neno moja likaaminiwa. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Lipu alifikiri. — Ningenyamaza.

— Imenyamaza!

— Saa zote za mtaa huu zinakanushwa hivyo hivyo, alisema Mama Birika bila kuinua macho, na zinakwenda.

— Hizo zimezaliwa hapa, Mama. Zimezoea. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Hiyo methali inaingiaje?

— Inaingia kwa mlango wa nyuma. Iache tu.

Wakili naye hakukubali kushindwa kwa mawazo. Akasema tatizo ni ule mshale mwekundu. Fahali wawili hawakai zizi moja. Mshale mmoja unasema ni mchana, mwingine unasema kule wanapiga miayo, na saa katikati haijui iamke au ilale. Kwa hiyo imechagua kulala. Lipu aliipenda hiyo. Akaipima moyoni, akamwona mwanawe akicheka kwenye kioo cha simu, akicheka sana, halafu akinyamaza, halafu akitazama mkono uliolala pajani. Akairudisha.

— Nyingine, alisema.

Hapo Spika akasimama. Spika akisimama, ujue mantiki imekaa.

— Jamani, ni ukuta! Umewahi kukaa hapa ukaona muda unavyokwenda? Unakaa asubuhi, unaegemea, unasema neno moja, ukiinuka ni jioni! Muda umekwenda wapi? Umeingia ukutani! Na nyuma ya ukuta kuna duka la umeme, nyaya, sumaku, vitu vinavuta. Lipu, hii lipu uliipiga nene mno, inakunywa muda! Saa ya watu imekuja na muda wake kamili, ukuta umeufyonza wote. Na huyu mwenye duka simwamini, tangu zamani nasema hapa pana mkono wa m...

Mama Birika alinyoosha mkono, akakishika kikombe cha Spika ukingoni.

— Mguu! alipiga kelele Spika. Mguu wa mtu! Nimesema mguu!

Ndipo akatokea mpita njia mmoja, kabeba kioo kirefu cha kabati mgongoni, kamba begani, jasho mpaka kwenye nyusi.

— Hamjambo wazee wangu. Naomba nipumue hapa, kioo hiki kimenivunja shingo. Mama, nipe kahawa.

Akakiegemeza kioo kwenye nguzo ya umeme, uso wa kioo ukiwatazama wao. Benchi zima likajiona. Spika akanyoosha kola. Wakili akavuta tumbo ndani. Na Lipu akaona kitu ambacho hakukitarajia: upande wa kulia mikono ya Spika ikiruka kama anayefukuza nyuki, upande wa kushoto mikono ya Wakili ikikata hewa vipande vipande, na katikati mkono mmoja uliotulia juu ya paja, kama mgeni aliyekaribishwa ukumbini akasahauliwa. Juu yake saa kubwa.

Mgeni alipiga funda, akasikiliza habari za ukuta unaokunywa muda, akainama kuitazama saa.

— Nzuri hii. Otomatiki. Akamtazama Lipu usoni, bila ubaya wowote. Kwani mzee, huo mkono huutumii?

Spika akajificha nyuma ya kikombe chake. Wakili akaanza kukagua viatu vyake. Mama Birika alimimina kahawa kwenye kikombe kilichokwisha kujaa, ikafurika mpaka chini.

— Nimekosea? aliuliza mgeni.

— Hujakosea, alisema Mama Birika. Umechelewa.

Lipu alikitazama kioo, hakuwatazama wao.

— Unatetemeka, alisema. Kuinuka unainuka. Yule wa mazoezi hospitali alisema ukiufanyisha kazi utarudi. Lakini nikiuinua unatetemeka kama jani. Mkono huu huu. Mnaujua ulivyokuwa. Sikutaka muuone.

— Unatetemeka? alisema Spika. Basi?

— Unasema basi?

— Lipu, mimi miaka ishirini nikipewa kipaza sauti magoti yangu yanagongana kama vijiko. Unadhani suruali pana navaa kwa fasheni?

Hakuna aliyecheka. Wakili akajikohoza.

— Na mimi nikiri mbele ya baraza. Shemeji yangu anayo otomatiki kama hiyo. Nilijua tangu siku ya kwanza.

— Ulijua?

— Sote tulijua.

— Na mgomo baridi?

— Ulikuja unaomba sababu, ndugu yangu. Nilikupa zilizokuwepo.

Mama Birika aliinamisha birika mpaka likapiga magoti. Nusu kikombe. Akalikung'uta, akakinyoosha kikombe mbele ya Lipu. Si upande wa kulia.

— Ndiyo ya mwisho hiyo. Ipokee kwa huo.

— Itamwagika, Mama.

— Ni kahawa yangu.

Lipu akavuta pumzi kama anayepanda ngazi na ndoo ya saruji. Bega likaanza. Kiwiko kikafuata kwa shingo upande. Vidole vikafunguka kimoja baada ya kingine, kila kimoja kama kimeamshwa kwa lazima, vikakumbatia kikombe. Kikombe kikaanza kuimba. Kahawa ikaruka, ikatua kwenye paja la Wakili.

— Kesi ya tatu! alifoka Wakili. Endelea, endelea, nitafua!

— Mabibi na mabwana, alinong'ona Spika, na mtaa wa pili madirisha yakafunguka, kikombe kimepita kifua... kinakaribia kidevu... tafadhali wapiga picha msizuie njia...

Kikafika. Kilichobaki ndani kilikuwa cha kulowesha ulimi tu, na Lipu alikimeza kama shehena. Mkono ulipokuwa unashuka mgeni akasema, "Tazameni," wakaweka vichwa vinne juu ya saa moja. Mshale wa sekunde uliruka hatua. Ukasita. Ukaruka tena, halafu ukaanza kutembea.

— Mwongeze! alipiga kelele Spika. Mwongeze kahawa!

— Imekwisha.

— Basi kikombe kitupu! Anyanyue kitupu!

— Kikombe kitupu hakilambwi, alisema Wakili.

— Mkono, alisema Lipu. Methali ni mkono mtupu haulambwi. Irudisheni ilivyokuwa, mmenichosha na miguu yenu.

Akakinyanyua kitupu. Akakishusha. Akakinyanyua. Alikuwa katika hali hiyo simu ilipolia mfukoni mwa shati. Akaitoa kwa mkono wa kulia, na sura ya binti yake ikajaa kwenye kioo, bado na sare ya kazi.

— Shikamoo Baba.

— Marahaba mwanangu.

— Baba, nionyeshe saa.

Lipu akaweka kikombe chini, akauinua mkono wa kushoto mbele ya simu. Ukatetemeka. Spika akanyoosha mikono kuupokea kwa chini.

— Acha, alisema Lipu. Naubeba mwenyewe.

Binti akasogeza uso karibu na kioo. Saa ilikuwa inapanda na kushuka mbele yake, kama kitu kilicho juu ya maji.

— Baba, alisema. Mbona saa yenyewe inasema ni usiku wa manane?

— Imekosea, mwanangu. Imekosea sana, kwa nchi zote mbili. Lakini wewe hukuniuliza kama inasema kweli. Uliniuliza kama inakwenda.

Kule alicheka, akajifuta uso kwa kiganja.

— Kwa hiyo nisirudi?

— Rudi kwa likizo, kama watu. Uje na suruali ya Wakili, hii imeharibika.

— Haya Baba. Basi ushushe mkono sasa, umechoka.

— Ngoja kwanza, alisema Lipu, mkono ukitetemeka hewani watu wote wakiuona. Iache ishibe.