Duane Pruszka, Aliyetulindia Mgongo Misimu Ishirini na Saba

Kesho Ijumaa, tarehe 28 Februari, saa kumi jioni, klabu yetu ya futiboli ya Kimarekani ya Toledo inampoteza Duane Pruszka, anayestaafu, kocha wa ukuta, yaani wale wanaomkinga mrushaji wa mpira. Misimu 27, mechi 436. Hakukosa hata moja, pamoja na ile ya siku aliyong'olewa magego mawili asubuhi.

Msimu kabla hajaja, warushaji wetu waliangushwa na wapinzani mara 62. Tulitumia wanne, wawili wakaishia kwenye plasta. Wakubwa walitaka kumnunua wa tano. Duane akawaambia, "Mnabadilisha kioo kila wiki, na dirisha halina fremu." Akapewa wanaume watano wa kusimama mbele ya mrushaji, watatu wao wasiotakiwa na klabu yoyote, mmoja alikuwa akibeba magodoro dukani. Msimu wake wa tatu tuliangushwa mara 18. Hesabu hizo ni zangu. Nilianza hapa kwa kufua soksi, na hakuna aliyenituma kuhesabu.

Siri yake haikuwa ubaoni. Ilikuwa chakula cha Alhamisi: pierogi, yale maandazi ya Kipolandi ya kuchemsha yenye viazi ndani, soseji na kabichi, na mrushaji ndiye anayepakua. Anaanza na beki wa kushoto, yule anayemlinda upande asiouona, kisha wengine wanne. Yeye anakula mwisho, kama kimebaki.

Misimu miwili iliyopita alikuja mrushaji mpya, Trevion Broussard kutoka Louisiana, mkono wa dhahabu. Alhamisi yake ya kwanza alijipakulia mwenyewe, sahani ikajaa, akaketi.

"Bwana mdogo," Duane akamuuliza, "mgongo wako Jumapili ataulinda nani? Kabichi?"

Trevion alicheka peke yake. Jumapili aliangushwa mara sita. Sisemi ukuta ulilegea. Mimi nahesabu tu. Alhamisi iliyofuata alitangulia kufika, amefunga aproni, na sufuria ya gambo, mchuzi mzito wa pilipili wa kwao Louisiana, aliyoipika kwa maelekezo ya bibi yake kwenye simu. Beki wetu wa kushoto, Big Anders, alionja, akatokwa jasho, akasema, "Kaka, ukiendelea hivi, hata nzi hakugusi." Mechi kumi na moja zilizofuata, aliangushwa mara kumi na tatu tu.

Duane anahamia kando ya ziwa na mkewe, Colleen, ambaye ameshamwonya kuwa nyumbani hakuna wa kupangwa mstari. Asante, Kocha. Samaki waume ndoano yako, magoti yapumzike, na Colleen akupakulie wa kwanza walau mara moja.

Limebaki moja. Ratiba mpya imebandikwa mlangoni kwangu. Kazi ya Duane imeongezwa kwa kocha wa wakimbiaji, mtu mwema mwenye kazi yake tayari, na chakula cha Alhamisi kimefutwa, mahali pake pameandikwa "mapumziko." Trevion ana miaka 24 na magoti mawili mazima. Nimeshawaona wawili kwenye plasta, sitaki wa tatu.

Bwana Halvorsen, meneja wetu mkuu, leo jioni, kwenye karamu ya kumuaga Duane, utakuwa meza ya mbele. Ukuta unapata kocha wake na Alhamisi yake, ndiyo au hapana? Keki inakatwa saa moja kamili usiku. Nijibu kabla ya kisu kugusa keki, mbele ya Duane.

Lorna Dufresne
Mtunza Vifaa